Njiwa Kwenye Chupa

Jumatano, 23 Aprili

Meza nimepanguza, muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, uko jikoni. Halafu Madam akaniletea ubao mweusi na chaki. Eti mkahawa wetu sasa utauza divai. Hapa Mbumbuni! Wafanyakazi wa kaunti wanaipenda, anasema. Niandike orodha kwa kuwa hati yangu ni nzuri, na kila divai niieleze ladha yake.

Ladha nitaitoa wapi? Mimi nimeokoka. Madam ameokoka. Mpishi ni shemasi. Aliyeleta kreti alisema moja kati ya aina tatu za divai haina kilevi, akakimbilia gari lake. Maandishi ya chupani ni ya Kizungu kisicho Kiingereza. Tulizipanga kwenye kaunta tukazitazama. Moja ina farasi, moja ina ngome, moja ina njiwa. Hatukubishana. Njiwa ni Roho Mtakatifu. Nikaandika: "Njiwa. Tamu, tulivu, haina kilevi. Ya waliookoka."

Ijumaa, 25 Aprili

Akina mama wa ushirika wamekuja baada ya maombi. Wameagiza Njiwa. Wameagiza tena. Mama Mchungaji amecheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Anasema magoti yake yamepona.

Mwalimu mmoja naye amekunywa Farasi glasi baada ya glasi, akalalamika kwamba ni maji ya sukari tu. Kuna watu hawaridhiki na chochote.

Jumatano, 30 Aprili

Mchungaji ameomba Njiwa kwa Meza ya Bwana. Amechoshwa na sharubati ya unga wa kukoroga. Nimefurahi, maana Jumapili hii ni ya Kyalo.

Kaka yangu alitengwa na kanisa kwa ulevi. Pombe ilimlia shamba, ikamfukuzia mke na watoto. Sasa ana miaka miwili hajaigusa. Atapokelewa upya mbele ya watu wote, na mkewe amesema akipokelewa, atarudi nyumbani. Shati lake nimelipiga pasi mwenyewe. Mara mbili.

Jumapili, 4 Mei

Aibu.

Kanisa letu hunywa pamoja. Kila mtu hushika kikombe chake kidogo, Mchungaji anatoa neno, wote mara moja. Tukanywa. Kyalo akakitia kinywani. Kisha akatoa leso, akatema.

Damu ya Bwana! Mbele ya mke wake! Hakusema neno. Alitoka, akaelekea mlimani kwa miguu na lile shati langu. Mkewe amewachukua watoto wakarudi Kalamba kwa wazazi wake. Mama hajala.

Namchukia Kyalo leo. Naandika kama ilivyo.

Jumatatu, 5 Mei

Sokoni wanasema amerudia pombe, ndiyo maana kikombe kilimkataa. Mpishi akaniambia bila haya: sikio la kufa halisikii dawa. Nami nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Jumanne, 6 Mei

Nilipanda mlimani Mbooni, anakokaa Kyalo, kumgombeza. Nilimkuta akipalilia maharagwe ya watu. Nikamwaga yote niliyokuwa nayo, na mengine ya zamani. Aliniacha nimalize.

"Mwende, ile ilikuwa pombe. Enda usome nyuma ya chupa, chini kabisa."

Nimeteremka na boda boda kama mwizi anayefukuzwa. Nikafungua kreti. Njiwa: kilevi asilimia kumi na tatu. Farasi: sifuri.

Nimekaa sakafuni jikoni. Aiya. Nimewalewesha akina mama wa ushirika. Nimelinywesha kanisa pombe, pamoja na Mchungaji na mimi mwenyewe. Aliyekataa ni mmoja tu, naye ndiye tuliyempiga mawe.

Nikampigia simu nikilia. Mbona hukusema? Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Mlevi akisema kanisa linakunywa pombe, nani atamwamini? Na wewe si ungefutwa kazi?"

Nimefuta ubao. Madam hajaniuliza kitu. Naye alikuwa amemtazama yule njiwa akasema amina.

Jumapili, 11 Mei

Nilisimama kanisani nikiwa na chupa mbili mkononi. Nikasoma asilimia ya Njiwa, kisha ya Farasi. Nikasema ni mimi. Nikasema Kyalo alitema kwa sababu alitaka kubaki mzima.

Mama Mchungaji alijifunika uso na kile kitambaa. Mchungaji alikaa chini.

Kyalo hakuwepo. Baada ya ibada, Mchungaji alipanda Mbooni na viatu vyake vya Jumapili. Nami nikachukua gari la Kalamba, nikamweleza mke wa Kyalo yote.

Jumapili, 1 Juni

Meza ya Bwana. Tumerudia sharubati ya unga.

Kyalo alikuja. Shati lile lile. Akaketi benchi la nyuma. Baadaye mkewe akaingia na watoto, akasimama kidogo, akaenda kuketi kando yake.

Vikombe vikapitishwa. Mchungaji akatoa neno. Hakuna aliyekunywa. Watu waligeuka pole pole wakatazama nyuma. Kyalo alikileta kikombe puani. Akanusa. Akanusa tena, bila haraka. Mchungaji naye alingoja, kikombe mkononi.

Kyalo akanywa.

Ndipo sisi wengine tukanywa. Sukari ilikuwa nyingi mno, kama kawaida.