Sauti ya Mzee Ramazani na Itifaki ya Haraka

Jumatatu, 7 Julai

Swali ni lile lile la miezi minane: seva yangu itumie itifaki gani, yaani kanuni gani ya mashine kupeana data, kupokea mafaili, iwe ya haraka kiasi cha kuushinda umeme wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi hapa Malawi, na bado iwe ya kuaminika? Nimesoma mengi. Sijaamua.

Leo nimenakili picha za matanga ya jirani kwa itifaki ya SMB. Umeme umekatika katikati. Nimeanza upya. Baridi kali.

Seva yenyewe ni kompyuta kuukuu ya ofisi niliyoinunua Old Town, Lilongwe, na diski mbili. Watu wa mtaa, ambao huniita Mwalimu, wanaweka humo harusi zao, maziko yao, vyeti vyao. Wengine walikwisha kusafirishwa nchi za mbali. Picha zao zimebaki kwangu. Betri ya akiba ilikufa mwezi Mei.

Jumatano, 9 Julai

Nimepima. Folda moja ya harusi. SMB: dakika arobaini. NFS, itifaki nyingine: ishirini na mbili. NFS kwa mpangilio wa jibu la mapema: tisa.

Jibu la mapema maana yake seva hutangaza kwamba imepokea kabla haijaandika kwenye diski. Yaani inaahidi. Kwa dakika kadhaa faili huishi kwenye kumbukumbu ya muda, ambayo hufa na umeme.

Nimeuchagua mpangilio huo. Hoja yangu: nakala inayomalizika ni bora kuliko inayokatizwa kila mara. Hoja inaonekana sahihi. Hilo ndilo linalonitia shaka.

Alhamisi, 10 Julai

Mzee Ramazani amekuja. Ni mfanyabiashara wa Kindu, Kongo; hapa anauza sabuni na chumvi. Uvimbe kooni. Atapasuliwa Jumatatu, Lilongwe.

"Daktari anasema atakata pale sauti inatokea," amesema. "Bibi yangu njo atafurahi, mwishowe nitanyamaza."

Amecheka peke yake kwa utani huo juu ya mkewe. Kisha ameeleza shida. Binti yake Asha, aliye ng'ambo, ataolewa Agosti. Kwao baba ndiye humtoa binti kwa maneno yake, mbele ya watu. Anataka maneno hayo yarekodiwe kabla ya kisu. Nimekubali upesi mno, kama mtu anayejivunia chombo chake.

Jumamosi, 12 Julai

Tumerekodi mchana, nyumbani kwangu. Mimi na yeye tu. Kinasa sauti ni cha korali. Mtaa mzima unakiazima, na sharti linajulikana: anayeazima anaifuta kadi ya kumbukumbu iliyomo na kuirudisha kabla ya jua kuzama, ili anayefuata aikute tupu.

Amezungumza dakika ishirini. Amelitaja kila jina la ukoo. Mwishoni amelia kidogo, kisha akaniomba maji.

Kompyuta yangu ya mkononi imejaa, hivyo nimenakili moja kwa moja kwenda kwenye seva, pamoja na mazoezi ya korali ya wiki mbili. Faili la Mzee limepita mwisho. Papa Deo, kiongozi wa korali, alikuwa mlangoni muda wote.

"Mwalimu, we unakalia iyi kadi kama kuku na mayai! Batoto ba korali bananingoja."

Skrini ikasema tayari. Nikaifuta kadi. Nikampa. Kabla hajaitia mfukoni umeme ukakatika.

Nilijua. Nadhani nilijua.

Jumapili, 13 Julai

Umeme umerudi saa moja asubuhi. Faili lipo. Jina sahihi, ukubwa sahihi. Nimelifungua: Mzee anakohoa, anasema: "Bismillahi. Asha mwanangu." Kisha kimya hadi mwisho. Dakika kumi na tisa za kimya.

Nimekimbilia kanisani. Ibada nzima ilikuwa imerekodiwa juu ya kadi ile.

Nimerudi kwenye diski. Programu ya kufufua, kisha nyingine, kisha ya tatu. Hadi jioni. Sikula.

Mzee alishaondoka alfajiri kwenda Lilongwe. Alikuwa na simu, na sauti yake bado. Sikumpigia. Niliona aibu kumwambia kabla sijajaribu kila njia. Siku nzima nimemtafuta ndani ya diski mtu aliye hai.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefika hospitalini saa mbili na nusu. Mkewe, Mama Asha, alikuwa ameketi kwenye ukuta wa nje, na kikapu cha nsima, ugali wa huku, ambayo haikuguswa.

"Ameshaingia, Mwalimu. Alikuuliza kama ile kitu iko sawa. Nikamwambia Mwalimu hakoseake."

Niliketi kando yake ukutani.

Ijumaa, 18 Julai

Hasemi. Hatasema tena, daktari ameniambia bila kuzunguka.

Nimemwambia Mzee ukweli wote, hata habari ya Jumapili. Kisha ameomba kalamu kwa ishara. Ameandika polepole: Ulikuwapo. Ulisikia. Andika we.

Ningependelea anikasirikie.

Jumapili, 20 Julai

Nimeondoa jibu la mapema. Sasa seva haisemi imepokea hadi iwe imeandika. Ni polepole. Majirani wananung'unika.

Sijui kama mpangilio huu ungeiokoa sauti ile. Nakala isingemalizika kabla ya umeme kukatika, hilo nimelipima. Kama ningemwambia Papa Deo asubiri hadi kesho, au ningeifuta kadi kwa kuwa ndivyo tunavyofanya siku zote, hilo halipimiki. Swali la itifaki limebaki pale pale, kwa sababu sehemu yake iliyo muhimu si ya mashine.

Maneno ya Mzee nimeyaandika, kurasa tatu. Majina ya ukoo Mama Asha amenisaidia. Mengine ni kumbukumbu yangu. Ipo sentensi moja, ile ya kumsamehe Asha kwa kuondoka kwanza na kuwaacha wao. Ni nzuri. Sina hakika aliisema. Huenda niliihitaji mimi.

Nimemsomea. Ameitikia kwa kichwa. Lakini siku hizi anaitikia kila kitu.

Sentensi hiyo sijaifuta. Barua itatumwa kwa Asha kesho.