Ile Mia Niliyokusomea

Chinyama, ndugu yangu,

Lile jengo la jangwani limetoka chini. Nimeliona jana mchana kwenye telefone, nikiwa nimekaa mlangoni kwa kinyozi, maana pale ndipo mtandao unashika. Nguzo zimepita usawa wa barabara, wameshamwaga sakafu mbili, na kreni zinazunguka juu kwa juu. Ungekuwepo ungenipiga bega na kusema, "Prof, banaanza kupanda!" Nilitaka kumwambia mtu. Nikatazama huku na huku, nikakumbuka kwamba Kolwezi nzima ni wewe peke yako uliyejali habari za jengo lile. Nikazima telefone.

Una miezi mitatu kaburini. Najua ungeuliza habari, basi nakupa. Shimo letu la madini kule Kasulo limefukiwa, na yule mama mwenye ua amepanda matembele juu yake. Timu imetawanyika. Wawili wanachimba Mutoshi, mmoja amerudi kwao, wengine sijui. Mimi sichimbi tena. Nabeba magunia sokoni. Binti yako Ornella ameng'oka meno mawili ya mbele, na akicheka anaziba mdomo kwa aibu. Anafanana nawe mpaka nashindwa kumtazama.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nina neno la kukwambia na nimelikimbia. Leo silikimbii. Ngoja nianze mbali kidogo, usinikatize kama ulivyozoea.

Unakumbuka ile Jumapili ya kwanza? Tulikuwa tumetoka kula bukari na mboga kwako, nikakuonyesha video: wanajenga nyumba ndefu kuliko zote duniani, katika mji wa mbali huko jangwani. Wewe ukatazama, ukaona mashine zinachimba tu, ukacheka hadi machozi. "Sasa hii ni nyumba ao ni shimo? Bale benyewe ni bachimbaji kama shiye!" Tangu siku hiyo ukawafanya jamaa zako. Kila Jumapili ulikuja na swali lile lile: "Prof, benzetu banafika wapi?" Nami nakusomea. Wewe ulijua kuandika jina lako tu. Mimi nilifika sekondari kule Kasaji nikaacha katikati, na hiyo ilitosha kwako kunipa cheo cha uprofesa. Nilikuwa nakukatalia mbele za watu, lakini moyoni nilikipenda cheo hicho. Nilikipenda sana, Chinyama.

Sasa sikiliza. Ile Jumapili tulipofika mita thelathini, timu nzima ilikaa uani kwako. Mzee wetu wa kupanga miti ya kushikilia kuta za shimo alisema inatosha, miti haifiki, hewa haifiki, tutoboe pembeni au tuache. Wote wakakubali. Hata mimi nilikubali. Na wewe ulikuwa umeshampa mke wako neno kwamba hutapita hapo. Ukanigeukia. "Prof, fungua tuone benzetu."

Video ilikuwa ya Kiingereza. Ilionyesha lile shimo la msingi, pana kama uwanja wa mpira, kuta zake zimejengwa kwa simenti. Chini kukaandikwa namba: 100. Baada ya namba kulikuwa na herufi mbili, f na t. Sikuzijua. Nakuapia, niliziona vizuri kabisa na sikuzijua. Ningeweza kusema, "Namba ni mia, lakini mia ya nini, sijui." Basi. Lakini watu watano walikuwa wananitazama, na mimi ndiye Prof. Nikaziruka zile herufi. Nikasema, "Mita mia."

Ukasimama. "Munasikia? Mita mia! Na udongo haibafunike. Shiye tuko ku trente, munaogopa nini?" Wakacheka, wakaona haya. Mzee wa miti alitikisa kichwa. Jumatatu mlishuka.

Alhamisi nilikuwa nimeshika kamba yako. Mlikuwa mmeshapita arobaini. Wenzako wawili walikuwa wametoka kunywa maji, wewe ukasema unamalizia gunia moja. Nikasikia sauti ndogo chini, kama mtu anayejikohoza, kisha kamba ikalegea mkononi mwangu. Niliivuta, ikaja nyepesi. Tulichimba siku mbili kukufikia. Ulipotoka nilikuosha uso mimi mwenyewe, na masikio yako yalikuwa yamejaa udongo, nikawa nautoa kwa kidole huku nakuita kama mwendawazimu.

Hata hapo sikujua. Nililia kilio chako kama rafiki, nikala chakula cha msibani kama rafiki. Ni wiki tatu zilizopita ndipo nilipoona video nyingine ya jengo lile lile, shimo lile lile, lakini ya Kifaransa. Yule msemaji akasema trente mètres, mita thelathini. Nikarudisha. Trente. Nikarudisha mara nne, nikijiambia ni shimo jingine. Nikaenda dukani kwa yule Mwislamu wa Maniema anayeuza misumari, nikamwandikia zile herufi mbili kwenye kiganja. Akavuta mita yake ya chuma, ile yenye namba upande huu na upande huu, akanionyesha. "Ft njo pied. Pied ya Baingereza, si mita." Tukapima pamoja pale kauntani. Futi mia zao zinatoa mita thelathini na kidogo.

Thelathini, Chinyama. Wale jamaa zako, pamoja na mashine zao na simenti yao, walisimama thelathini. Pale pale timu ilipotaka kusimama. Ningesoma sawasawa, ungecheka, ungesema "benzetu bana akili," na leo ungekuwa unanisumbua kwa maswali.

Hilo ndilo neno. Lakini halijaisha, maana kaka yako Kapend ameliongeza.

Kapend anasema udongo hauangukii mtu mmoja bure. Unajua wachimbaji wanavyosema: mke akitoka nje na mwanamume mwingine wakati bwana yuko chini, shimo linamfunika bwana. Basi yeye na ndugu zenu wamemkalia Mama Ornella. Wanasema mtu wa pikipiki alimleta nyumbani kutoka sokoni mara mbili. Kwamba mtu huyo ni mtoto wa dada yake, hakuna anayetaka kusikia. Kesho Jumapili kuna kikao kwa Kapend. Wameandika karatasi: mke wako akubali kosa, atoke kwenye nyumba, arudi kwao Kasaji, na Ornella abaki kwa Kapend. Wanataka atie mkono chini yake mbele ya watu.

Na unajua mke wako alikwenda kwa nani? Alikuja kwangu, Jumatano. Amekonda, kitenge kinamzunguka mara mbili. "Papa Prof, we njo ulikuwaka unamusomea. Unisomee na miye, basinidanganye." Nikamwambia ndiyo. Ningesema nini? Halafu akaniuliza, akinitazama machoni, "Juu ya nini alipita trente? Aliniambia kama atasimama." Mimi nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa na jibu mdomoni na nikalimeza. Mwoga mkubwa, mimi.

Ningeweza kuvumilia kama angekuwa anawakatalia kwa nguvu. Lakini alipoondoka aligeuka mlangoni akasema, "Pengine kuko fasi nilikosea." Ameanza kuamini! Anapekua siku zake zote kutafuta dhambi iliyokuua. Aliniuliza kama kucheka na muuza samaki kunahesabika. Nimekaa na swali hilo siku tatu, sijala vizuri, na kila nikifumba macho namwona anatia mkono.

Nikuambie ukweli wote. Alhamisi nilifunga begi. Nilikwenda hadi wanakopakia pikipiki za Kasaji, nikakaa juu ya moja, dereva akawasha. Nikashuka. Si kwa ushujaa. Nilishuka kwa sababu nilijua kule Kasaji nitamkuta mke wako, amefukuzwa, bila mtoto, na atanisalimia vizuri.

Naogopa, ndugu yangu. Kapend atanipiga, na mkono wake unaujua. Timu itasema nilikuua. Lakini zaidi ya wote namwogopa mke wako. Nikimwambia, atanifukuza, abaki na karatasi ile bila mtu wa kumsomea. Nisipomwambia, ataitia mkono. Nimegeuza hivi na hivi, hakuna njia ambayo mimi natoka salama, na pengine ndivyo inavyotakiwa.

Kwa hiyo sitangoja kikao. Haifai alisikie mara ya kwanza mbele ya wale watu, huku wanamkodolea macho. Nitamwambia leo, yeye kwanza, uani kwenu. Nitamwambia kwamba hakukosea popote, kwamba ulimpenda na ulikusudia kusimama, na kwamba ni mimi niliyekupa namba nisiyoijua. Akinitemea mate, sawa. Na kesho, akikubali nikae karibu naye au akinifukuza nisimame barabarani, nitasema hivyo hivyo kwa sauti mpaka Kapend asikie na majirani wasikie. Ornella halali kwa watu wanaomwita mama yake muuaji. Hilo nakuahidi.

Msamaha sikuombi. Sijui hata nikuombe vipi.

Kwaheri, Chinyama. Lala. Jua bado liko juu, na saa hizi mke wako anakuwa uani anatwanga majani ya sombe. Nakwenda kwake sasa, kabla sijapata sababu nyingine ya kukaa hapa naandika.