Chungu Nilichokichagua

Buyenzi, 12 Machi 1996

Dada Amira, assalaam aleykum.

Huku mvua inanyesha, mimi mzima. Jana nilikwenda sokoni kutafuta chombo cha kupikia maharagwe. Muuzaji akanionyesha sufuria ya presha.

“Hii inaivisha upesi, mama, makaa hayaishi. Ku nyumba muko wangapi?”

Nikamjibu, “Tuko watano.” Sikuweza kumwambia kwamba baba watoto, Massoudi, tumemzika, na watoto uko nao wewe Kigoma.

Nikachukua chungu cha udongo. Maharagwe yake yanakula asubuhi nzima, nami nakaa karibu nikiyaongezea maji, siku inasogea.

Watoto usiwaambie kama nalia. Waambie mama amepata chungu kizuri, wakirudi watakikuta jikoni kinachemka.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Asiya