Majina Anataka Gari Letu

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Tumekubaliana. Gari linauzwa. Papa Keren, mume wangu, amelizunguka akilipapasa ubavuni kama mbuzi wa kupeleka sokoni. Utando wa macho yake umezidi. Leo asubuhi aliniamkia vizuri sana — kumbe anaamkia koti langu lililotundikwa mlangoni. Nimecheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka. Halafu nimeingia jikoni nikalia kidogo.

Daktari wa macho anakuja hapa Kalemie mwisho wa mwezi. Asipompasua safari hii, hakuna anayejua atarudi lini. Na hatuna kingine cha kuuza.

Alhamisi, 5 Septemba

Keren, binti yetu anayefundisha huko Nyunzu, ameweka picha za gari Facebook. Kwenye picha ni jipya kabisa! Mtoto ana mkono mzuri. Ameniachia na maagizo ya sauti, kama niko darasani kwake: «Mama, mesaji haiko feza. Hata iandike nini. Uangalie kwanza solde ku simu yako, uone feza iko ndani kweli, njo utoe motokari.» Nimemjibu: ndiyo, mwalimu.

Watu wameanza kupiga. Mmoja anataka tubadilishane na injini ya boti. Mwingine ameuliza kama gari linakunywa sana, Papa Keren akamjibu halimfikii shemeji yake. Kaka yangu huyo! Chai ya saa kumi ameikosa.

Jumamosi, 7 Septemba

Amepiga mtu wa Manono, wa biashara ya madini. Anaitwa Gaspard. Mume wangu naye Gaspard — amesikia tu, akasimama wima na simu yake. Kwetu mtu mwenye jina lako unamwita majina, na kumkatalia kitu ni kama kujikatalia mwenyewe. Wameongea mpaka simu ikapata moto. Watoto, magoti, bei ya mahindi, marehemu wa pande zote mbili. Gari wamelitaja mwishoni tu, na huyo majina hakubishana bei hata kidogo.

Hapo ndipo nimeingiwa na wasiwasi. Asiyebishana bei ana homa au ana hila. Nimesema hivyo.

«Ule eko majina yangu, Mama Keren,» ameniambia. «Muntu anaweza kuiba jina yake mwenyewe?»

Na ana furaha, mzee wangu. Tangu aache kutoka peke yake, hakuna anayempigia isipokuwa Keren.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa majina amepiga: pesa anatuma sasa hivi kwa simu, na amepata shofere hapahapa Kalemie wa kumpelekea gari Manono. Mesaji imeingia tukiwa mezani. Nimesoma kwa sauti: umepokea pesa kutoka kwa Gaspard, bei kamili. Papa Keren amefanya ishara ya msalaba.

Nimeangalia solde, pesa iliyomo simuni. Ni ileile ya jana. Nimeangalia na namba iliyotuma mesaji — namba ya kawaida tu, si ya kampuni, kama ya jirani yeyote.

Majina anasema ni réseau ya Jumapili, mtandao ni mzito, feza itaonekana kesho, shofere apewe tu ufunguo. Nimesema kwanza ionekane. Papa Keren amekasirika: nitampimaje majina yake kama mtu wa barabarani? Nikamwambia kwani yeye huyu amemwona wapi. Samaki nimemtolea miba kama kawaida. Hasira ni hasira, miba ni miba.

Jumatatu, 9 Septemba

Solde bado. Nimeisumbua simu kutwa.

Halafu nimefungua tena tangazo la Keren. Chini kabisa ameandika: umuulize Papa Gaspard. Basi! Jina letu liko pale, kila mpita njia analisoma. Yeyote anaweza kuamka asubuhi akawa Gaspard.

Sijamwambia. Anapiga mluzi uani, na mimi sina moyo wa kumnyamazisha.

Jumanne, 10 Septemba

Shofere amekuja. Anaitwa Josias, mtu mzima wa upande wa bandarini, mpole. Papa Keren amemkaribisha vizuri, akaniomba ufunguo. Nimemwekea Papa Keren mkononi, lakini nimebaki nimesimama hapo.

Nimemuuliza Josias kama yeye amelipwa. Amesema ndiyo, tangu Jumapili, akanionyesha mesaji. Maneno yaleyale. Namba ileile. Na majina hajawahi kumwona, anamjua sauti tu. Nimemwomba aangalie solde yake. Ameangalia, akarudia.

«Haiko kitu, mama,» amesema. Na alishakopa pesa ya kula njiani.

Sasa imebidi niseme yote, na la tangazo pia. Nimesema polepole, nimeshika goti la mume wangu. Ameagiza Josias aletewe chakula. Baadaye sana ndipo amesema: «Nilikuwa nafurahi, Mama Keren. Nilikuwa na muntu wa kuongea naye.»

Ningempata huyo wa Manono leo, ningemtafuna. Gari halijaondoka, lakini hiki nacho amekiiba.

Nimekaa pembeni kuandika haya, simu inalia. Ni majina. Nimeuliza: nizime? Papa Keren amenyoosha mkono. Hakuona pa kubonyeza, nikambonyezea.

Anamsalimia kama siku zote. Habari ya nyumba, habari ya batoto. Josias ameacha kula. Sauti ya kule inaenda mbio: shofere, ufunguo, haraka, mvua itaharibu barabara. Papa Keren anasikiliza, kichwa chini, ufunguo ameufumbata.

«Kuja weye mwenyewe, majina,» amesema, na ameisema kwa upole. «Tukule pamoja, halafu ubebe motokari na mukono yako.»

Kule amekata. Papa Keren bado ameshikilia simu sikioni, anangoja ajibiwe.