Mafuta Kwenye Drili

Jumapili, 6 Machi 2016
Wiki imeanza tena. Huku Uarabuni ni Jumapili: basi kutoka mtaani kwangu Abu Hamour, maabara, mawe. Leo nimetoboa mawe kumi na moja ya jangwani. Mgongo unaniuma. Roboti ikifika Mirihi itafanya hivi hivi: itatoboa mwamba, ipime unga wake, itafute dalili za viumbe waliokufa zamani. Alhamisi kamati inakuja kuchagua drili itakayofungwa kwenye roboti. Wakichagua ya timu nyingine, mkataba wangu unaisha Juni. Narudi Voi.

Jumatatu, 7 Machi
Drili imekwama. Skrubu ngumu. Nimeitia mafuta yangu ya kujipaka, kama baba alivyokuwa akifanyia kufuli la nyumbani. Ikazunguka. Nimechoka hata kuvua viatu.

Jumanne, 8 Machi
Jiwe la chumvi limetoa kaboni, dalili ya viumbe! Mstari wa kipimo ulipanda mpaka juu ya skrini. Daktari Hanan, mkuu wetu, mtu asiyecheka, ameagizia kila mtu chai ya karak. Mutua wa kompyuta alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumatano, 9 Machi
Nilikuwa najipaka asubuhi ndipo nikakumbuka. Haya mafuta ni kaboni tupu. Viumbe wetu wa kale wametoka kwenye kikopo changu. Nimemwambia Mutua.
"Nyamaza tu, Wakesho. Kwani nani atajua?"
Mimi. Nimemkasirikia kwa sababu nilitaka sana kumsikiliza.

Alhamisi, 10 Machi
Nilimwambia Daktari kabla kamati haijaingia. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alifuta ukurasa wa kaboni kwenye ripoti nikiona, kisha tukaosha drili na kutoboa jiwe lile lile mbele ya wageni. Mstari ulilala chini, haukutikisika. Wamechagua drili ya timu nyingine. Mutua hanisemeshi.

Ijumaa, 18 Machi
Nimetoka kanisani; huku ibada ni Ijumaa. Sina hamu ya kupika.
Kamati imesikia kisa cha mafuta, imetuomba tuwaandikie walioshinda kanuni za usafi wa drili. Daktari amenipa mimi kazi hiyo. Ya kwanza nimeandika: siku ya kazi, hakuna kujipaka mafuta. Naifuata mwenyewe, wiki nzima sasa.
Mama alinipigia kwa video, akaiona mikono yangu.
"Wakesho! Umepauka hivyo? Kwani huko hawauzi mafuta?"
Nikamwambia yameisha. Akasema atanitumia kikopo.
Nikamwambia asijisumbue. Juni naja.