Jiwe Nililolifunga kwenye Kanga

Nyahanga, Kahama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo umekuruhusu kushuka pwani kwenye mwani wako. Mimi mwili hauna neno, ila roho imechafuka.

Unajua kilichonileta huku mbali na bahari. Ule mwani mwekundu unaogandamana na mawe kama rangi iliyomwagika una ndugu zake wa ukoo mmoja wanaoishi vijitoni, kwenye maji baridi. Chuo kimenituma niutenganishe, upi ni upi, na kila mmoja unapatikana wapi. Nimeinamia mawe kuanzia Ushetu hadi Geita, watu wakinicheka. Mwishowe nikaupata, kijito kimoja tu chenye kivuli, upande wa Bugarama. Nilipiga kigelegele peke yangu!

Mwani huo ukipigwa jua unakufa. Basi nikatoa jiwe moja, nikalifunga kwenye kanga iliyolowa, nikalikumbatia kwenye bodaboda hadi nyumbani. Mama Kulwa, mwenye nyumba wangu, alishika kichwa.

"Binti, umetuletea rashi! Huku nani anaficha jiwe la bure?"

Rashi ndiyo ule mmiminiko wa wachimbaji wakisikia dhahabu imetoka mahali. Dereva wa bodaboda alikuwa ameshasimulia aliponitoa; kulipokucha nikarudi, nikakuta wameshajaa kijitoni na sururu na makarai. Nikapiga kelele hadi sauti ikakauka: ni mwani, jamani! Mmoja akanijibu kwa adabu zote, "Dada, hata sisi tukipata huwa tunasema hatujapata kitu." Nilitaka kulia na kumpiga kwa pamoja.

Dhahabu hawakuiona. Mawe yamepinduliwa, miti imekatwa, maji ni tope. Mwani uliobaki ni huu wa kwenye jiwe langu, ndani ya ndoo. Mkuu wangu chuoni anataka niukwangue, niukaushe, nimpelekee aupe jina. Nikamuuliza, na kwenye ramani tuandike unapatikana wapi, ndooni? Akakata simu.

Juu ya mashimo waliyochimba, kwenye kijito hicho hicho, kuna sehemu bado ina kivuli. Kesho narudisha jiwe huko, mapema kabla jua halijawa kali, mbele ya macho ya watu, kwenye karai la maji kichwani, bila kulifunika. Mama Kulwa atatangulia akiwaambia wachimbaji ni majani tu ya mtoni. Mkuu atanuna. Anune.

Nisalimie shangazi Mize, mwambie kamba zake za mwani azikaze, na kaka Haji na mkewe.

Kanga yenyewe ni ile uliyonipa siku ya kuondoka. Nimeifua na kuifua, tope la hapa halitoki.

Mwanao,
Riziki