Uji wa Ruracio

Jumatatu, 27 Oktoba 2025

Hospitalini Hurlingham, dripu ya nne ya dawa ya saratani. Daktari Komal amefurahi — PSA, kile kipimo cha tezi dume, imeshuka tena! Nesi aliuliza kama kuna jambo jipya mwilini. Nikasema kujikuna tu. Kope la kushoto sikulitaja. Huanguka kila jioni. Uchovu, labda.

Nijieleze, kama nilivyowaeleza Form Three miaka yote ile. Dawa hii haiui saratani yenyewe. Inawaondolea woga askari wa mwili. Ni kama kuwaambia viranja: kuanzia leo hakuna wa kuwauliza. Wahalifu hukamatwa, naam. Lakini kiranja asiyeulizwa huishia kumchapa hata aliyekaa kimya.

Jumapili, 2 Novemba

Chapati imekwama kooni. Maji nayo yakatokea puani. Binti yangu Waceke akacheka. "Dad, hiyo ni tamaa! Kula polepole." Nikacheka naye.

Jumamosi ni ruracio yake, siku ya kuleta mahari. Watu wa Alkarim, mchumba wake, wanakuja hapa Waithaka kutoka Westlands. Ni Waislamu, kwa hivyo badala ya pombe ya muratina tutatumia uji wa wimbi. Ndugu yangu Mbuthia amenuna: "Uji! Tunaoza msichana ama tunamwachisha ziwa?" Nikamwambia kinachofunga neno si kilichomo kibuyuni. Binti huonja, akampa babake. Baba akinywa, amekubali. Asipokunywa, wageni hurudi na mbuzi wao.

Mbuthia hamtaki kijana huyu. Mimi nampenda. Huzima simu tukiongea.

Jumatano, 5 Novemba

Kumeza kumezidi kuwa kugumu. Nimempigia Daktari Komal nikiwa nyuma ya nyumba, Waceke asisikie. Aliuliza kama kope nalo huanguka. Kisha — mzee, njoo leo, usingoje kesho. Ni viranja wale. Wanakata mawasiliano ya neva na misuli. Leo ni kope na koo, kesho ni pumzi.

Na dawa? Inasimama. Hairudishwi tena.

"Lakini inafanya kazi, Daktari!"

"Najua, mzee. Pole sana."

Nililia pale kwenye tangi la maji, mtu mzima. Nimemwomba aningojee hadi Jumapili. Alikataa. Nikakata simu.

Ijumaa, 7 Novemba

Daktari anapiga, sishiki. Nikimwambia Waceke, ataahirisha kila kitu anikimbize hospitali. Halafu Mbuthia atapata wakati wa kuwageuza wazee. Mamake Waceke angekuwa hai, angejua la kufanya.

Nimejizoeza kumeza uji kwa kijiko. Ugonjwa huu una desturi yake: asubuhi misuli ina nguvu, ikitumika inachoka, jioni haipo. Wageni wataingia saa tano. Saa tano nitameza.

Jumamosi, 8 Novemba

Wamefika saa kumi na moja jioni. Gari lao liliharibika, kisha jam! Alkarim mwenyewe aliomba msamaha mpaka nikamhurumia.

Waceke alionja, akanipa kibuyu kwa mikono miwili. Nikanywa — uji ukarudi wote kupitia puani. Nikafunika uso kwa leso, nikaingia chumbani. Waliona nini? Mzee aliyegeuza uso.

Mbuthia akanifuata. "Kama moyo umekataa, kaka, si dhambi." Nikajaribu kusema ninamtaka kijana yule, ninamtaka sana! Ukatoka mvumo tu. Akanipigapiga begani. "Wewe pumzika. Nitawaambia bado unafikiria." Nikanyoosha mkono nimshike. Haukufika.

Naandika nikiegemea ukuta. Herufi zinalala. Huko nje walikuwa wakiimba, sasa wamenyamaza. Gari moja limewashwa.

Waceke anabisha hodi.

"Baba? Niambie tu. Hata kama ni hapana, nitasikia."

Nimejaribu kuinuka. Bado.

"Baba, wanaenda."

Mlango haujafungwa. Akiusukuma tu, ataona shati langu lililolowa uji, ataelewa. Lakini binti haingii chumba cha babake bila kuitwa. Nilimfundisha mwenyewe, angali mdogo. Amesimama hapo nje, ana adabu, anangoja sauti yangu.